Karani

Uyole, Julai. Baridi inauma kama deni.
Tumekoka moto chini ya pipa la lami
na ndani yake ng'ombe anachemka siku ya pili,
vipande vipande, na magadi kilo mbili.
Mwalimu Mwasongwe anakoroga kwa mpini wa jembe.

Darasani tuliandika: tishu ni nne.
Ya kufunika. Ya kuunganisha. Misuli. Neva.
Kwenye pipa tatu zimeondoka na mvuke,
imebaki ile ya kuunganisha,
nayo imebaki kwa hisani ya chokaa.

Tunaanika juu ya magunia ya viazi.
Shingo pingili saba, kama yangu, kama ya panya.
Mgongo kumi na tatu. Kiuno sita.
Mkiani tumepata kumi na saba;
zilizosalia anazijua mbwa wa mlinzi.

Subilaga anatafuta mtulinga.
Asubuhi nzima anapindua magunia, anamtukana mbwa.
Mwalimu anamwacha mpaka saa ya uji, kisha:
"Ng'ombe hana mtulinga.
Mguu wa mbele haukushikwa na mfupa wowote.
Kifua chote kimening'inia kwenye misuli,
kama mtoto kwenye mbeleko."
Tukanyamaza.
Kilo mia nne, kwenye mbeleko.

Mimi nilipewa mbavu.
Nizisugue kwa msasa, nitoboe, nipitishe waya.
Wa tisa, kushoto, ukagoma mkononi.
Una fundo, kama muwa.

Kwetu Lwangwa tulikuwa na ng'ombe, Karani,
kwa ajili ya miduara myeusi kuzunguka macho:
miwani, alisema baba, ya mtu wa kuandika madeni.
Nilikuwa na miaka kumi. Nikapewa kamba nimpeleke mtoni,
nikaifunga kwenye mgomba, nikaenda kucheza rede.
Mgomba si mti.
Niliporudi ulikuwa umelala,
na Karani yuko chini korongoni,
anapumua upande mmoja.

Alipanda mwenyewe. Wahenga walisema la guu,
kwamba ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini;
la ubavu hawakulisema. Alirudi vilevile.
Baba akauliza, mbona maziwa yamepungua?
Nikasema, majani makavu.
Karani alicheua tu, akinitazama kwa miwani yake.
Nilipoingia kidato cha tano akauzwa kwa mchuuzi wa Mbalizi.

Mwalimu anauinua ubavu kwenye mwanga wa dirisha.
"Mfupa ukivunjika, kwanza damu inaganda.
Halafu gegedu. Halafu mfupa mpya,
mwingi kuliko unaohitajika,
kama fundi asiyeiamini kazi yake.
Mfupa si jiwe, jamani. Ni tishu. Unaishi.
Huu ulipona zizini, bila daktari."
Ananirudishia.
"Lisugue hilo fundo liwe sawa. Nane Nane imekaribia,
wageni watataka kuona ng'ombe mzuri."

Nalitazama fuvu. Matundu mawili.
Miwani ilikuwa ngozi,
na ngozi ndiyo inayotangulia kwenda.
Hakuna wa kunithibitishia.
Ng'ombe huanguka Mbozi, huanguka Ileje,
na kila wilaya ina watoto wanaocheza rede.

Waya wa ubavu wa tisa nimeupitisha mwisho.
Fundo limekaa nje, upande watakaopita wageni.
Msasa nimeurudisha kabatini, mpya,
bado unakwaruza kidole.

Jioni nimempigia baba.
Ameuliza habari za baridi, za masomo, za ada.
Nikamwambia, baba,
unaukumbuka mwaka ule maziwa yalipopungua?
Kimya kidogo. Mvua ya Lwangwa kwenye bati.
Kisha nikamsikia anavuta kigoda,
anakaa.